Oda Zilizofika Mikono Mitupu

Siku ya kuniaga mlinipa chupa ya chai na kitenge, mkasema maneno mengi mazuri, mengine ya kweli. Kisha mkaniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili ninyi mnaobaki msirudie makosa yangu. Nimekubali, ingawa najua makosa yenu mtayafanya wenyewe na yatakuwa mapya. Vyeo sitaviandika. Nilipata kimoja tu, kikabandikwa mlangoni kikiwa kimekosewa herufi, na hadi naondoka nilikuwa bado "Mkuu wa Mawasilano".

Kazi nilianzia kituo cha simu, Kyela mjini, nikiwa binti mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wakati ule simu haikujipiga yenyewe. Mtu wa Ipinda alizungusha mpini wa simu yake, kibao kidogo kikaanguka mbele yangu, nikachomeka waya, nikauliza anamtaka nani, nikachomeka waya wa pili. Siku ya kwanza nilimwunganisha mchungaji na bohari ya bia. Walizungumza muda mrefu kabla yeyote kati yao hajalalamika.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ngailo, msimamizi wetu, mwanamke mwembamba aliyekula karanga mchana kutwa na asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Mteja mmoja alinigombeza nami nikamjibu kwamba simu ni mbovu. Mama Ngailo akanivua vile vya masikioni vya kusikilizia simu, akavivaa yeye, akamaliza na mteja, kisha akanigeukia.

"Mbovu ni neno la mteja," alisema. "Wewe uko hapa ili ujue imekatikia wapi."

Akanionyesha. Unaanza na waya ulioushika mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi mkosaji ni wewe. Halafu ubao wenye matundu ya kuchomekea. Halafu kituo kinachofuata, unamwuliza mwenzako kama anakusikia. Halafu kinachofuata tena. Ukifika kwa yule asiyekusikia, hapo ndipo unapomwita fundi, na unamwambia nguzo zipi akazitazame. Na mtu akikujibu ndiyo, Mama Ngailo alisema, mwulize ndiyo ya nini. Somo hilo la mwisho nililiona la mtu mwenye roho mbaya tu. Nikalisahau.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Kyela yakajaa sabuni za rangi zote na redio zenye taa zaidi ya sauti. Wanunuzi binafsi wakaingia Bujonde kufuata kokoa, kila mmoja na mizani yake na maelezo yake kuhusu mizani ya mwenzake. Kituo chetu kikaletewa mashine isiyokunywa chai wala kuomba ruhusa ya msiba. Sisi wa kuchomeka waya tukashukuriwa. Mama Ngailo akaenda kufuga nguruwe. Mimi nikapata kazi kwenye hospitali ndogo ya watu binafsi kati ya Ipinda na ziwa, ya kushika redio ya upepo na kusema "ova" kila baada ya sentensi. Nilizoea hadi nikawa nalisema nyumbani nikimaliza kuwaagiza watoto.

Miaka ikapita. Wafadhili wakatuletea dishi la intaneti, wakalipiga picha, wakaondoka. Halafu stoo ya dawa iliyotuuzia vitu, iliyoko Mbeya mjini, ikatangaza kwamba haitapokea tena oda kwa simu wala kwa barua. Oda zote zitumwe kwa kompyuta, na bila oda ndani ya kompyuta hakuna boksi litakalotoka. Hospitali nzima ikanitazama mimi. Sababu yao ilikuwa kwamba nimewahi kufanya kazi na waya.

Mimi nikamtazama ndugu yangu Mwenifumbo. Huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo aliyeolewa Karonga, upande wa Malawi, na alikuwa fundi wa kompyuta huko. Alivuka daraja la Songwe amepakia mashine nyuma ya baiskeli ya kukodi, ameizungushia blanketi. Watu wa Kasumulu wakampisha njia wakidhani anapeleka mgonjwa. Alikaa kwangu majuma mawili, akala samaki wangu wote, akanifundisha.

Mashine yake haikuwa na picha wala vya kubofya. Ilikuwa na dirisha jeusi. Unaandika amri, unabonyeza, unangoja. Ndani yake kulikuwa na programu moja ya kutumwa mtandaoni. Unaipa anwani, inakwenda na kukuletea kilichopo pale, au unaipa mzigo, inaupeleka na kuuacha. Jina lake Mwenifumbo alilitamka kwa Kiingereza cha Malawi, mimi nikasikia Kero. Sikusahihishwa mapema, na baadaye nikaona hakuna haja.

Kero alirudi na jibu kwa namba. Mia nne na nne: ulichokitaka hakipo. Mia nne na tatu: kipo, lakini si chako. Mia tano: huko ndani wamevurugikiwa, rudi baadaye. Na mia mbili: sawa. Mwenifumbo aliniandikia namba hizo kwenye karatasi, nikaibandika ukutani pembeni ya kalenda ya kanisa.

Kila Kero akisafiri alipenda kujisimulia. Dirisha lilijaa tarakimu na mishale, na Matroni Mwaisango, mkuu wa wauguzi na mtu aliyeogopa kirusi cha kompyuta kuliko kipindupindu, alikuwa akitoka chumbani mwangu kinyumenyume. Basi Mwenifumbo akatengeneza amri moja fupi, akaiita "agiza". Ndani yake alimwamuru Kero mambo mawili. La kwanza, anyamaze njiani, aseme ile namba ya mwisho tu. La pili, akifika akakuta wenye nyumba wamehama na kuacha tangazo, awafuate mwenyewe waliko bila kutusumbua. Tulifurahi sote watatu. Mwenifumbo akarudi Karonga.

Matatizo ya mwanzo yalikuwa ya kitoto. Kuna juma Kero aligoma kabisa, akadai kitambulisho ambacho kompyuta ya stoo humwonyesha kila anayebisha hodi hakijaanza kutumika. Nikawapigia simu Mbeya, wakasema kitambulisho chao kina zaidi ya mwaka. Nilihangaika siku mbili kabla sijatazama tarehe ya mashine yetu. Betri yake ndogo, ile ya duara kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika mashine ilirudi nyuma hadi enzi ambazo mimi nilikuwa bado nawaunganisha wachungaji na bohari ya bia. Kwa hesabu yake hicho kitambulisho kilikuwa hakijazaliwa. Nikabadilisha betri, Kero akaenda. Mkosaji alikuwa kwenye waya nilioushika mwenyewe, na bado sikujifunza.

Sasa niandike lile kubwa.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Kero. Nilikuwa nikituma oda kila Jumatatu, napata mia mbili, naandika mia mbili kwenye daftari, naenda kunywa chai. Juma moja boksi halikuja. La pili halikuja. Nikampigia mpokeaji wa oda wa kule stoo, mtu aliyeitwa Kibona, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona na nilimchora kichwani kama bwana mnene aliyelala juu ya maboksi.

"Mama, sijaona oda yenu," alisema.

"Nimetuma. Nimejibiwa mia mbili."

"Umejibiwa na nani?"

"Na ninyi."

"Mimi sijakujibu, mama. Labda umewatumia malaika."

Tuliendelea hivyo hadi wiki ya tano tangu boksi la kwanza likosekane. Yeye alisema hakuna oda, mimi nilisema mia mbili. Nilimwita mvivu, nikamwita mzembe, na siku moja nikamwuliza kama aliajiriwa kwa mtihani au kwa ujomba. Alisema, "Siku njema, mama," akakata. Nilijisikia vizuri sana. Matroni naye akawa anawaambia wagonjwa kwamba stoo inachelewesha, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia hivyo, hakuwa na sababu ya kudhani vingine.

Wiki hiyo ya tano, siku ya soko, Mama Sekela aliletwa kwa pikipiki kutoka Lyulilo. Huyu alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa vyungu, aliyekuja sokoni kwa mtumbwi. Alipokuwa akishusha vyungu, mbwa aliyekuwa akitokwa povu alimwuma nyuma ya mguu, akamwuma na mbuzi, akaanguka mwenyewe mbele ya watu. Hakuna aliyehitaji daktari kumweleza mbwa huyo alikuwa na nini.

Matroni aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda mrefu hadi Mama Sekela akauliza kama anafuliwa. Kwenye friji ilikuwamo chupa moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Moja. Akachomwa sindano ya kwanza. Ya pili ilitakiwa baada ya siku tatu, na nyingine baada ya hapo.

"Nenda Mbeya, mama," Matroni alimwambia. "Kule hutaikosa."

"Vyungu vyangu nimeviacha chini, sokoni Lyulilo," alijibu. "Dawa haina miguu, lakini magari si yapo? Ije. Mimi nitakaa hapa kwenu."

Matroni alinifuata, akafunga mlango. Hakupandisha sauti. "Kichaa cha mbwa kikianza hakina tiba," alisema. "Nina siku tatu. Nataka kujua oda zetu ziko wapi. Sitaki kusikia stoo ni wabovu."

Hilo neno. Sikuwa nimemsikia Mama Ngailo kwa miaka mingi, na sasa nilikuwa kama nimevuliwa tena vya masikioni mbele ya watu. Nilikaa mbele ya dirisha jeusi. Nikaanza na waya nilioushika. Umeme upo. Tarehe sahihi. Dishi linasoma. Jina la stoo nikiliita linaitika. Anwani iliyomo ndani ya "agiza" nikailinganisha, herufi kwa herufi, na barua yao ya kwanza. Sawasawa. Nikatuma oda ya chanjo. Mia mbili. Nikampigia Kibona. Hakuna kitu.

Safari hii sikumtukana. Niliweka simu, nikaitazama ile mia mbili. Ndiyo ya nini?

Nikafungua "agiza" na kuitazama kwa ndani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Mwenifumbo aondoke. Nikaiona ile amri ya kumnyamazisha Kero. Nikaifuta, nikaweka nyingine ya kumtaka aseme kila kitu: alichotamka na alichojibiwa. Nikabonyeza. Dirisha likajaa. Mshale wa kwenda ulikuwa maneno yetu, mshale wa kurudi maneno yao. Nikachukua kalamu na rula, nikasoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma hukumu yake.

Kero alifika kwenye anwani ya stoo na oda mkononi. Mstari wake ulianza na neno POST, yaani napeleka mzigo. Jibu lililorudi halikuwa mia mbili. Lilikuwa mia tatu na moja: tumehama, sasa tuko kule, na anwani mpya ikafuata. Kero, kama alivyoamriwa, akaenda kule. Lakini mstari wake wa pili ulianza na neno jingine, GET, yaani nimekuja kuchukua. Na chini yake hapakuwa na kitu. Hakuna hospitali, hakuna chanjo, hakuna idadi.

Nilisoma mara tatu ndipo nikaelewa. Fikirini mmemtuma mtu apeleke gunia la mpunga kwa fulani. Anafika, anakuta karatasi mlangoni: tumehamia nyumba ya pili. Anaacha gunia pale pale nje kwenye nyumba ya zamani, anakwenda ile mpya, anabisha hodi mikono mitupu. Wanamkaribisha, wanamsalimu, wanamwonyesha sebule. Anarudi kwenu anasema nimefika na wamenipokea vizuri. Hajasema uongo hata kidogo. Ndiyo tabia yake hiyo akikuta tangazo la kuhama, na nilipomwuliza Mwenifumbo baadaye akasema imeandikwa kwenye maelezo. Nikamwambia maelezo hayo angeniachia badala ya kunimalizia samaki.

Stoo walikuwa wamebadilisha kompyuta wiki tano kabla, wakaacha tangazo kwenye anwani ya zamani, wakasahau kutuandikia. Wale wanaofungua ukurasa wao kwa picha na vya kubofya walipelekwa kule kupya bila kujua. Sisi wa dirisha jeusi tulipelekwa pia, ila bila mzigo.

Nikaandika anwani mpya ndani ya "agiza" ili Kero aende moja kwa moja asikutane na tangazo lolote. Nikatuma oda ya chanjo. Jibu likawa mia mbili na moja, namba ambayo haikuwepo kwenye karatasi ya ukutani, na chini yake wakaandika: oda imepokelewa, na namba ya oda yenyewe. Nikampigia Kibona.

"Ninayo," alisema kabla sijamaliza salamu. "Chanjo ya kichaa cha mbwa. Imeingia sasa hivi."

"Soma namba yake."

Akasoma. Ilikuwa ile ile. Nikamweleza yote, pamoja na gunia la mpunga, kisha nikamwomba radhi. Nilitaja kila neno nililomwita, kwa sababu niliona si haki kuomba radhi kwa jumla. Aliposikia la ujomba alikohoa.

"Kweli nina mjomba hapa," alisema. "Lakini mtihani pia nilifanya."

Kesho yake mchana basi lilimshusha mtu mdogo mwenye tai na sanduku la barafu alilolipakata tangu Mbeya, kwa sababu, alisema, hamwamini kondakta na kitu baridi. Alikuwa mwembamba kuliko Mama Ngailo. Alinyoosha mkono. "Mimi ndiye mzembe wako," akasema, na Matroni akampokonya sanduku kabla sijapata jibu.

Mama Sekela alichomwa sindano zake zote kwa siku zake. Za mwisho alikuja kwa mtumbwi na pikipiki kutoka kwao, akilalamika kila mara kwamba tunamharibia siku ya kuchoma vyungu. Aliishi, na kwa kadiri nijuavyo bado analalamika.

Ningependa kuishia hapo, na wengi wenu mmekuwa mkiisikia hadithi hii ikiishia hapo. Lakini ile siku ya kurekebisha "agiza" nilitakiwa kutuma upya oda zote za wiki tano. Matroni alikaa karibu yangu, mimi nasoma kwenye daftari, yeye ananiambia kipi bado kinahitajika. Glavu. Dripu. Dawa ya malaria ya watoto. Tulipofika kwenye vidonge vya kifafa akanishika mkono.

"Kuna mtu wa Busale," alisema. "Ambakisye, mkulima wa mpunga. Nimemrudisha mara mbili. Nilimwambia wiki ijayo. Mara ya tatu hakuja."

Vidonge vilipofika nilimwomba Matroni nivipeleke mwenyewe. Aliniambia si kazi yangu. Nikamwambia nadhani ni yangu. Niliazima baiskeli, nikaenda Busale, njia yote nikitayarisha maelezo kuhusu stoo waliohama bila taarifa. Yalikuwa maelezo mazuri. Kila kitu ndani yake kilikuwa kweli.

Nilimkuta amekaa barazani kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa kitambaa hadi kwenye kiwiko. Alianguka kwenye moto wa jikoni, mkewe aliniambia. Wakati anaanguka alikuwa peke yake nyumbani.

"Ugonile, tata," nilimsalimu. Aliitikia kwa upole. Nilibaki nimesimama na baiskeli.

Maelezo yangu mazuri sikuyatoa. Nilimwambia kwa Kinyakyusa kwamba mimi ndiye ninayetuma oda za dawa, kwamba nilituma vibaya kwa wiki tano, na kwamba nilimwambia Matroni kosa ni la watu wengine.

Akaniuliza: "Hiyo mashine yako ilikuwa inasema nini?"

"Ilisema sawa."

"Na wewe ukaamini."

"Nikaamini."

"Hata mimi," alisema. "Waliponiambia wiki ijayo."

Hakusema kwa hasira, na ningependa angesema kwa hasira. Nilimpa kopo la vidonge. Alilibana katikati ya magoti, akafungua kifuniko kwa mkono mzima, akainama, akachungulia ndani.

"Vimo," alisema.

Ndipo akamwambia mkewe aniletee kiti.